Neno Moja Kwenye Safu ya Mzio

Wiki ya pili baada ya mimi kustaafu, Hamisa aliyerithi meza yangu alinipigia simu. Alitaka kujua kwa nini kila triga kwenye mfumo wetu wa kompyuta inaanza na mstari wa maelezo wenye herufi kubwa: USITOKE NJE YA NYUMBA. Alidhani ni mzaha wa mtu mzima. Nikamwambia si mzaha, ila maelezo yake hayaingii kwenye simu, kwa hiyo nitayaandika. Ndiyo haya, kwa ajili yake na wenzake waliobaki ofisini. Vyeo na barua za kupandishwa sitavitaja. Anayevitaka akafungue jalada langu, kama mchwa wa masjala wamebakisha kitu.

Nilianza kazi Temeke, kwenye kituo kikuu cha shirika letu la afya. Shirika lenyewe sitalitaja jina, maana watu wake wengi bado wapo na bado wanafanya kazi nzuri. Wakati huo kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa kwenye kadi ngumu ndani ya makabati ya chuma, na kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Niliripoti asubuhi nikiwa na cheti changu kwenye bahasha, nimevaa viatu vilivyonibana, nikitegemea kuonyeshwa hiyo kompyuta.

Mkuu wa kumbukumbu alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo wa Mbagala, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuazimisha. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Upareni, Same.

"Aa, Wapare," akasema. "Nyie mnapenda kesi. Basi kaa hapo dirishani uwasikilize wenye kesi."

Siku nzima nilikaa nyuma ya karani wa mapokezi nikiangalia tu. Nilimwona mama aliyetaja majina matatu tofauti kwa kadi moja, yaani jina la baba, jina la mume na jina la mtoto wake wa kwanza. Nilimwona mzee aliyeulizwa umri akajibu kwa kutaja msimu wa mvua. Jioni Mzee Kondo akanifunulia kile kitambaa, akaniambia kila nitakachoandika kwenye mashine ile nikumbuke kuna mtu amesimama dirishani anakisubiri. Nilimwona ananichelewesha. Kwa kweli nilikuwa na hasira naye wiki nzima.

Alikuwa mwalimu mgumu. Hakukubali safu yoyote muhimu iachwe tupu. "Pengo ni uongo," alikuwa akisema, na kwenye kila jedwali aliweka sharti kwamba bila kujazwa, mstari haupiti. Mgonjwa akiulizwa kuhusu dawa zinazomdhuru, lazima kiandikwe kitu, ama jina la dawa ama neno Hakuna. Fomu zenyewe nilizichapisha mimi. Safu ile iliitwa Mzio, nayo imebaki na jina hilo mpaka leo.

Najua Hamisa atamsomea mumewe karatasi hizi, na mumewe ni fundi magari, kwa hiyo nieleze kidogo. Jedwali ni orodha yenye safu na mistari. Triga ni kipande cha programu unachokitega juu ya jedwali. Karani akiingiza mstari mpya, kinafyatuka chenyewe kama mtego wa panya, kinafanya kazi yake, halafu mstari ndiyo unaandikwa. Cha kukumbuka ni kwamba mstari hauandikwi mpaka triga imalize, na triga ikishindwa, mstari nao unatupwa. Halafu kuna majedwali ambayo hayako kwenye mashine yako, yako kwenye mashine ya mbali, ila unaweza kuyafungulia njia ukayaona kama yako hapo hapo. Ofisini tuliyaita majedwali ya ugenini, kama mechi za mpira.

Shirika lilipofungua matawi Goba na Chanika, kila tawi lilipewa mashine yake, na kituo kikuu kikabaki na jedwali la tahadhari zote za wagonjwa. Uongozi ukataka mgonjwa aliyetaja mzio wake Temeke asiulizwe upya Chanika, mfumo umjue. Wazo lilikuwa zuri na bado naliona zuri. Nikamweleza Mzee Kondo nitakavyofanya: mgonjwa akiandikishwa Chanika, triga iende Temeke kwenye jedwali la ugenini, isome mzio wake, irudi nao iuandike kwenye mstari wa mahudhurio ya siku hiyo.

Alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama Elia, triga ni mlinzi wa geti. Sasa wewe kila mgeni akibisha hodi unamtuma mlinzi Temeke. Siku barabara ikifungwa?"

"Haifungwi, Mzee. Tumewekewa laini mpya."

"Haya," akasema, akavaa miwani yake. Lile haya lake nililielewa vizuri sana, nikajifanya sijalielewa.

Triga ilifanya kazi, na vizuri mno. Nilikwenda Chanika kuiangalia. Mgonjwa anataja namba yake, sekunde haijaisha, mzio wake huo hapo kwenye skrini ya nesi. Nilijisikia fahari, sioni sababu ya kuficha. Kisha mashine ya kuchimba mtaro wa barabara ikakata laini yetu mahali fulani njiani, na asubuhi hiyo Bi Zuhura, karani wa mapokezi wa Chanika, akanipigia.

"Mama Elia, mashine imeganda! Kila nikimwandikisha mtu inafikiriaga weee, halafu inakataa. Watu wamejaa mpaka kwa muuza vocha. Kuna watoto wana homa hapa."

Alichokiita kufikiria ilikuwa triga yangu imesimama Chanika inasubiri jibu kutoka Temeke. Ikichoka kusubiri inashindwa, na ikishindwa mgonjwa haandikishwi. Mashine ya Chanika ilikuwa nzima kabisa, lakini haikuweza kuandika jina la mtu aliyesimama mbele yake kwa sababu ya mtaro uliochimbwa kilomita nyingi kutoka pale.

Meneja wetu wa mifumo akasimama nyuma ya kiti changu, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote kufikiri. Nikaandika marekebisho haraka: triga isubiri sekunde tatu tu, isipojibiwa ilimeze kosa iendelee. Nikataka kuiacha safu ya Mzio tupu. Ikakataa. Sharti la Mzee Kondo lilikuwa bado lipo, bila kujazwa mstari haupiti. Ilitakiwa neno, lolote.

Vidole vyangu vikaandika Hakuna.

Kichwani nilikuwa nasema hakuna majibu, hakuna mtandao. Ingia duka lolote la Chanika uulize kama mtandao upo, watakujibu "hakuna", na utaelewa. Lilikuwa neno la kawaida kuliko yote mdomoni. Foleni ikatembea, Bi Zuhura akanishukuru, meneja akaondoka nyuma ya kiti. Na kwa kuwa mimi ni mtu nadhifu, nikaongeza programu ya kusawazisha: kila baada ya saa moja, laini ikiwa imerudi, ipitie mistari iliyokosa majibu iijaze mzio sahihi kutoka Temeke. Haikuacha alama yoyote ya kilichokuwepo kabla. Niliona ndiyo usafi.

Miaka ikapita kimya. Laini ilikuwa ikikatika na kurudi bila mtu kulalamika, nami nikahesabu kazi ile kama iliyokwisha.

Siku moja asubuhi aliletwa tawi la Chanika mama mmoja mkulima wa mihogo, Bi Mwanaidi, amejikata mguu kwa jembe. Aliyempokea alikuwa Nesi Tumaini, mwenyeji wa Njombe aliyehamia Chanika miaka mingi na kujenga huko huko, muuguzi ambaye wagonjwa walikuwa wakimuulizia kwa jina. Alisafisha kidonda, akamchoma penisilini kama ilivyoagizwa. Muda mfupi baadaye midomo ya Bi Mwanaidi ikavimba, pumzi ikambana. Tumaini akampa sindano ya kuokoa, akapanda naye gari la wagonjwa akimshika mkono mpaka hospitali kubwa. Bi Mwanaidi alilazwa siku nne, akapona.

Uongozi ulifungua mfumo. Temeke ilionyesha Mzio: Penisilini, tangu zamani. Mstari wa mahudhurio ya Chanika ya siku ile nao ulionyesha Mzio: Penisilini. Basi nesi hakusoma skrini. Akasimamishwa kazi asubiri kamati, na kila mtu alijua kamati ikimtia hatiani shauri litapelekwa kwenye baraza la wauguzi na leseni yake itakwenda. Niliombwa nichapishe ushahidi. Nikauchapisha mimi mwenyewe, nikaugonga muhuri.

Siku mbili kabla ya kamati Tumaini alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo, Mama Elia."

"Marahaba. Pole na matatizo."

"Asante. Mie sijaja kulalamika. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Siku ile skrini iliandika Hakuna. Nimeisoma kwa macho yangu. Sasa karatasi yenu inasema Penisilini. Mie ni kichaa?"

Nikamjibu kwa lugha ya ofisi, kwamba karatasi imetoka kwenye mfumo moja kwa moja.

"Nilimuuliza mama wa watu," akasema. "Nikamwambia, mama, una aleji ya dawa yoyote? Akaniambia, si nilishawaambia wenzenu Temeke wakaandika kwenye kompyuta? Nikageuka nikasoma. Hakuna. Ndiyo nikachoma." Macho yake yalikuwa makavu. Alionekana amekwisha lia kote alikotakiwa kulia. "Haya, Mama. Nilitaka tu usikie kwangu."

Alipotoka nilibaki nimekaa. Lile neno lilikuwa langu. Nilijua kabla sijagusa kitu, mwili wote ulijua, lakini nilitaka kuona.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Chanika. Nikamwomba Bi Zuhura aniandikishe mimi kama mgonjwa, kwa namba yangu halisi. Mimi nina mzio wa dawa za salfa; nikinywa navimba uso mpaka wanangu hawanitambui, na jambo hilo liko Temeke limeandikwa. Nikachomoa waya wa mtandao. Zuhura akabonyeza. Sekunde moja, mbili, tatu. Mzio: Hakuna. Mfumo nilioutengeneza kwa mikono yangu ulikuwa unaniambia mimi mwenyewe kwamba sina mzio. Nikarudisha waya, tukakaa tukingoja. Saa ilipotimia, Zuhura akafungua tena ule mstari.

"He! Imeandika Salfa," akasema. "Kumbe inajibadilishaga?"

Niliporudi Temeke nilimweleza meneja. Akafunga mlango.

"Rekebisha, Mama Elia, ila kimya kimya. Kamati ni ishu ya wauguzi, sie haituhusu. Na wewe umebakiza muda mchache upumzike. Unataka nini tena?"

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu papo hapo. Sikumjibu. Nilikwenda nyumbani Goba na swali lake, nikapika, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi ya hapo niliogopa aibu, maana miaka yote hiyo nilisifika kwa kutokosea. Kilichoniamulia ni kitu kidogo: nilijaribu kufikiria nikimwitikia Tumaini shikamoo yake siku nyingine, nikaona siwezi.

Kwenye kamati walikuwa watano, mwenyekiti wao metroni wa kituo kikuu, mama mkali mwenye sauti ya upole. Tumaini alikaa kiti cha peke yake karibu na mlango. Niliomba nafasi kabla hawajaanza. Nikaweka mezani kompyuta yenye nakala ya mfumo wa Chanika, waya wa mtandao nikauacha umelala juu ya meza mahali wote wanauona, nikamwomba metroni amwandikishe mgonjwa kwa namba nitakayomtajia. Akaandika taratibu kwa kidole kimoja.

"Metroni, tusomee mzio wa mgonjwa huyo."

"Hakuna."

"Maana yake nini?"

"Maana yake mgonjwa hana mzio. Si ndiyo kilichoandikwa?"

"Ungempa salfa?"

"Kama daktari kaagiza, kwa nini nisimpe?"

Nikawauliza na wengine mmoja mmoja. Wote walisoma vile vile. Ndipo nikasema, "Mgonjwa huyo ni mimi. Salfa inanidhuru, na Temeke imeandikwa. Waya huu ukichomolewa, mfumo hauwezi kufika Temeke, na badala ya kusema haujui, unaandika neno hilo. Waya ukirudi unalifuta. Nesi Tumaini alisoma vizuri. Aliyeandika ni mimi."

Metroni aliendelea kuitazama skrini, kidole chake bado kiko juu ya kitufe. Nadhani alikuwa anahesabu ni mara ngapi yeye mwenyewe amelisoma neno lile. Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi. Hiyo ndiyo kesi pekee niliyoingia nikitaka kushindwa.

Tumaini alirudishwa kazini wiki ile ile. Mimi nilipewa barua ya onyo, na hiyo ndiyo barua pekee ya kwenye jalada langu ambayo nakubali kila mstari wake.

Hamisa, mfumo unaoukuta sasa ulitokana na wiki zilizofuata. Kila tawi lina nakala yake ya jedwali la tahadhari, na programu nyingine, iliyo nje ya triga, ndiyo inayokwenda Temeke kuisasisha. Mtandao ukikatika, kinachochelewa ni nakala; foleni inaendelea. Triga inasoma jedwali la nyumbani tu, la mashine yake yenyewe; ndiyo maana ya ule mstari wa herufi kubwa. Kama ina taarifa ya kupeleka mbali, inaiacha kwenye jedwali la kusubiria hapo hapo, na mpelekaji ataichukua akipata njia. Pembeni ya mzio utaona nakala ilisasishwa lini. Kisipojulikana kitu, skrini inaandika HAIJULIKANI, MUULIZE MGONJWA. Na kusawazisha hakufuti tena, kunaongeza mstari na kuacha wa kwanza. Utaambiwa mnajaza diski bure. Waache waseme.

Nilidhani yameisha. Siku niliyokwenda Chanika kuweka mfumo mpya nilimwomba Tumaini msamaha, pale pale mapokezi. Akanisikiliza huku anapanga bandeji.

"Kazi nimerudishiwa, Mama, nashukuru. Jina ndiyo halijarudi. Mtaani kwangu bado mie ni yule nesi aliyetaka kumuua Bi Mwanaidi. Kuna wanaonipita wakija kutibiwa, wanamsubiri mwenzangu. Kama unataka kuniomba msamaha, twende kwake ukamwambie."

Tukaenda kwa miguu, jua la saa tisa. Njia nzima watu walimsalimia Tumaini kwa adabu, lakini kwa ufupi. Bi Mwanaidi alikuwa uani anamenya mihogo, mguu umenyooshwa mbele. Alinikaribisha mimi, mwenzangu akamtazama tu. Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, Tumaini akakaa chini pembeni, nikaanza kueleza: mashine ya Chanika, mashine ya Temeke, waya, mtaro, sekunde tatu. Alisikiliza bila kuacha kumenya.

"Kwa hiyo siku ile mashine ilikuwa haijui," akasema mwishoni.

"Haikujua, Mama."

"Na wewe ukaandika hakuna."

"Ndiyo."

"Si ungeandika haijui?"

Nilikuwa na majibu mengi: foleni, watoto wenye homa, meneja nyuma ya kiti, safu isiyokubali pengo. Sikuona hata moja la kumpa mtu aliyekaribia kufa. "Ningeandika hivyo, Mama," nikasema. "Nisamehe."

Akaweka kisu chini. Akamgeukia Tumaini, akauinua ule mguu wenye kovu, akaulaza juu ya mapaja ya nesi.

"Hebu nitazamie hapa, tangu juzi panawasha." Halafu akageukia ukuta wa jirani akapaza sauti, kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka wanawake waliokuwa kisimani wakageuza shingo. "Zainabu! Nichemshie maji upesi! Nesi wangu kaja!"